Gari la Mama Mkwe Linaloinama Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kanipigia simu mwenyewe. Si kawaida — neno lake lolote hunifikia kupitia mke wangu. Gari lake lina shokapu za upepo, yaani linabebwa na mipira iliyojazwa hewa badala ya springi, na kona ya mbele kushoto inashuka. Taratibu tu. Jioni liko sawa, alfajiri limeinama. Na shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, ameshatangaza: Jumapili anakuja kulichukua liuzwe. Eti gari bovu, na mama umri umekwenda, watoto watampeleka anakotaka.

Mama mkwe wa kusubiri kupelekwa! Ndilo linalomfikisha kwa dada yake mgonjwa, upande wa pili wa mji, bila kumbembeleza mtu. Nikamwambia, mama, kabla ya Jumapili nitajua upepo unatokea wapi. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita kwake kabla ya kufungua gereji. Gari limesimama vizuri kabisa. Nimepima kwa vidole nafasi iliyo juu ya kila tairi. Sawa pande zote. Nimepaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mabomba — hakuna povu. Mama mkwe kasimama mbali, mikono kifuani, akasema labda limepona. Magari hayaponi, ila mkwe humbishii. Nikanywa chai, nikaondoka.

Jumatano, 6 Machi
Yale yale. Limesimama, linanicheka. Nimeanza kujitilia shaka. Mwenzangu wa gereji, tunayemwita Kijiko kwa kupenda kuchokonoa, anasema magari mengine ya aina hii hujiinua yenyewe usiku, kompyuta zake hazilali. Nitoe fyuzi. Nimeona haya kwamba sikuliwaza mwenyewe. Jioni nimerudi, nimeitoa.

Alhamisi, 7 Machi
Kumekucha na simu. Si yangu, ya mke wangu. Anasikiliza, anaitika abee mama, abee, kisha anaziba simu kwa kiganja na kucheka hadi machozi. Mama analalamika: mumeo kaniharibia gari, leo nimeliwasha limekataa kunyanyuka.

Leo?

Kumbe kila siku huamka kabla sijafika, huliwasha, linapanda, hulizima, hurudi ndani na kukaa kama hajui lolote. Mkwe anakuja, atalikutaje limepiga magoti? Kwake ni sawa na kunikaribisha sebuleni vyombo vichafu vikiwa mezani. Siku mbili nimepima gari lililokwisha kupambwa! Nilitaka kukasirika, nikashindwa.

Nimetuma ujumbe kupitia mke wangu, maana mengine humwambii mkwe usoni: mama, tafadhali, uliache hivyo hivyo lilivyolala. Jibu likarudi: sawa, lakini asilitazame sana. Nimekwenda. Kona ya kushoto imekaa juu ya tairi. Nimelitazama sana.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudisha fyuzi, nimeliinua hadi juu kabisa ili mikunjo ya mpira wa upepo ifunguke. Sabuni tena. Nikangoja. Povu moja dogo, likavimba polepole, likapasuka, likaanza jingine. Ufa uko ndani ya mkunjo, gari likiwa kimo chake cha kawaida huuoni ng'o. Nimechekelea peke yangu chini ya gari kama mwehu.

Mama mkwe akauliza nimeona nini. Akachuchumaa, kwa mara ya kwanza karibu yangu hivyo. "Ah. Ni kwenye pindo," akasema. Miaka yote yuko kwenye cherehani, huyu. "Nguo nayo huanzia hapo kuchakaa." Tukalitazama povu pamoja. Raha iliyoje.

Jumamosi, 9 Machi
Mpira mpya umeingia. Sabuni haitoi kitu. Fyuzi nimeitoa. Mama mkwe kampa mke wangu ufunguo alale nao kwetu. Anasema yeye mwenyewe hajiamini.

Jumapili, 10 Machi
Mbele kushoto: sawasawa, haijashuka hata kidogo! Nyuma kulia: imeshuka. Kidole kimoja, lakini imeshuka. Nilitaka kusema ni ardhi haiko sawa. Mama mkwe alikuwa ameshaona.

Mke wangu akatoa ufunguo, akasema mama, rudisheni fyuzi muwashe, kaka akifika alikute limesimama. Mimi nilikuwa tayari. Kweli, nisingesema neno. Mama mkwe akaushika ufunguo, akautia mfukoni, akaingia ndani. Nikajua amekata tamaa, na roho ikaniuma.

Akatoka na gunia, na ile chupa anayonyunyizia nguo za kupiga pasi, imejaa maji ya sabuni. "Mkwe, leta jeki."

Nimeinua, nimeweka stendi, nimelitikisa mara mbili kuhakikisha. Mama mkwe katandika gunia, kalala chali, kichwa na mabega viko chini ya gari lake. Kaniambia nisogee, namzibia mwanga. Ndiyo maana nimekaa juu ya ndoo naandika.

Honi getini. Shemeji. Mke wangu ananitazama, anauliza kwa sauti ya chini amwambie nini.

"Mfungulie," mama mkwe anajibu kutoka chini. "Na aje na tochi."