Si Mtoto Nyumbani, Mtoto Afisini

Kwako mama, uliyelala Ibra chini ya mchanga,

Shikamoo. Adabu uliyonifunza sijaiacha, ingawa hasira zimenijaa mpaka kooni. Ungekuwa hai leo tungegombana, wallahi, na majirani wangesikia.

Unaikumbuka ile siku ya kuandikishwa uraia, tulipokuwa wageni hapa Ibra kutoka Unguja? Nilikuwa mdogo, nimeng'ang'ania buibui lako. Shekhe akakuuliza, "Na huyu?" Ukajibu bila ya kupepesa jicho, "Wangu, wa tumbo langu." Ukatoa cheti cha kuzaliwa, ukala na yamini. Mie nikajiona mtu mkubwa, nina mama anayeniapia mbele ya wanaume.

Nakumbuka ukinisuka barazani kila Alkhamisi, unanivuta nywele na kunigombeza: "Tulia wee! Kichwa kigumu kama cha babako." Nikidhani wamsema marehemu mumeo, baba wa kaka Nassor. Nakumbuka mkate wa kumimina uliokuwa ukinifichia kipande cha chini, kile kilichoiva vizuri. Ulinipenda. Hilo sikatai, na ndilo linalonitia uchungu zaidi.

Siku tulipokusomea hitima, watu hawajamaliza kuvaa viatu, Nassor akaniita ndani. Akasema yeye anaoa, nyumba anaitaka, na mimi nitafute pa kukaa. Nikamwambia, "Kaka, nikae wapi na nyumba ni ya mama?" Akanijibu, "Mama yangu. Wewe ulichukuliwa. Dada yangu mwenye jina hilo lako alikufa hajatimiza arubaini, na cheti ulichonacho ni chake."

Lo! Miaka kumi na minane naitika jina la maiti, na wewe umenyamaza kimya.

Nikaenda afisi ya mambo ya jamii. Bi Zuwena, jirani yetu tangu Unguja, ndiye aliyenisindikiza. Karani akatueleza vizuri tu: mtoto aliyelelewa na watu wasio wa damu yake, akifika miaka kumi na minane msaada hukatika, ila akiwa anasoma huendelea mpaka amalize, na pahala pa kulala hupewa. Na mimi chuo cha ualimu cha Nizwa wameshanikubali, mama! Kilichobaki ni pa kulala tu. Nikasema alhamdulillahi, ndiyo mimi huyo. Akafungua karatasi zangu, akatikisa kichwa. "Hapa umeandikwa binti wa marehemu. Una kaka, ana kazi. Ma yisir, ya binti, haiwezekani. Haikuhusu."

Umeona ulivyonifanya? Nyumbani si mtoto, nitoke. Afisini mtoto, nirudi nyumbani.

Nikamwendea Nassor aje aseme mbele ya karani yale aliyoniambia chumbani. Akaruka! "Unataka kumfedhehesha mama kaburini? Aliapa uwongo, nikaseme mimi? Na kazi yangu ya serikali?" Kunifukuza hakuona aibu, kusema kweli ndiko alikoonea aibu. Kwa karatasi zile ningeweza hata kudai fungu la mirathi na asingekuwa na la kusema. Sikudai, kwa kuwa ni haramu. Hilo nalo umenifunza wewe, uliyekula yamini ya uwongo.

Bi Zuwena ndiye aliyenifumbua macho. Babangu alikuwa mtu wa Jalan, nchi hii hii, alikufa Unguja kabla sijazaliwa. Mamangu akafa kwa uzazi wangu, wiki ile ile uliyozika kichanga chako. "Aliogopa," akaniambia. "Angesema kweli, watu wa Jalan wangekuchukua." Sasa mimi nakuuliza, mama: sawa, uliogopa mimi mdogo. Nilipovunja ungo? Nilipomaliza shule? Ulipolala kitandani miezi mitatu na mimi nakuogesha? Njia ya mwongo fupi, ulikuwa ukitwambia. Yako imenifikisha mahakamani, karatasi zibadilishwe.

Kadhi alinitazama akaniuliza, "Marehemu ni mama yako?" Nikasema, "La." Bi Zuwena akaapa, kisha bila kuulizwa akaongeza, "Lakini alimnyonyesha, shekhe, miaka miwili kamili." Kadhi akaamrisha iandikwe hivyo. Akatuma mtu Jalan, na ami yangu mmoja, mzee hajiwezi, akathibitisha nduguye alifia Unguja na kuacha mke mwenye mimba.

Kwa hiyo nimekubaliwa msaada. Jumamosi nakwenda Nizwa, nimepewa chumba na wasichana wawili. Furahi, kama huko mnafurahi.

Lakini jana karani alinipa fomu mpya. Jina la baba nikaandika, Salim. Jina la mama, kalamu ikasimama. Nikamgeukia Bi Zuwena. Akafikiri, akafikiri, machozi yakamtoka: "Mwanangu, sisi tukimwita mke wa Salim tu." Ami yangu hakupata kumwona. Karani akasema mstari niuache mtupu, itapita.

Nimeuacha mtupu, mama. Cheti nakusamehe, yamini nakusamehe, hata Nassor nitamsamehe siku moja. Lakini ulikuwa ukilijua jina lake, uliishi naye mlango kwa mlango, ukanisuka nywele kila Alkhamisi na hukunitajia hata mara moja. Nikimwombea dua sijui nimtaje nani.

Mungu akurehemu. Mimi bado.

Mwanao wa kunyonya