Kofia ya Moustapha

Kasongo

Moustapha, mchumba wangu,

Salamu kule kwenye baridi. Huku Kasongo tuko wazima, mihogo tu ndiyo imeoza kwa mvua.

Video uliyotuma nimeiona. Huyo bingwa wako anateleza na ski, zile mbao ndefu za miguuni, anaruka, anapinduka mara tatu hewani na kutua wima juu ya theluji. Umemusifu sana! Mimi napanda kilima kila siku na beseni ya maji kichwani, haujanisifu hata mara moja.

Kisha akavua kofia ngumu, akavaa ile ya kitambaa. Moustapha, ile niliishona mimi, tundu moja moja, miezi mine, uivae siku ya ndoa yetu.

Mama pia ameitambua. Anauliza kama bwana arusi wangu sasa ni huyo bingwa.

Amisa