Mkorosho wa Bibi Usiougua

Chunyu, Ruangwa
4 Juni 2024

Dada Rukaiya,

Shikamoo. Kuanzia hapa hadi Namungo akili zote Mungu alinimwagia mimi, wengine wakaambulia povu. Kidato cha pili niliacha kwa kuwahurumia walimu. Mama hajambo, goti tu linamsumbua. Wewe na kompyuta yako huko kwenye utafiti Nachingwea mnaendeleaje?

Majani uliyoyaomba nimempa Kipriani wa bodaboda akuletee. Ni ya mkorosho wa marehemu bibi, ule usioshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga hata mingine yote ikigeuka nyeupe kwa ukungu. Sasa hiyo protini unayoitafuta ndiyo nini? Nieleze, nitaelewa kabla hujamaliza.

Mdogo wako, Hamidi

Nachingwea
19 Juni 2024

Mdogo wangu Hamidi,

Marahaba, mwenye akili. Mkande mama goti kwa maji ya moto.

Protini ichukulie kama timu. Wachezaji wake ni asidi amino, wamejipanga mstari. Kompyuta imelinganisha timu ya mkorosho wa bibi na za mikorosho inayougua, ikabashiri kuwa mchezaji mmoja tu aliyebadilishwa ndiye anayezuia ugonjwa. Lakini huko ni kubashiri. Ili nithibitishe nahitaji machipukizi mabichi ya mti huohuo. Nikifaulu, mama hatalia tena shambani. Mti huo utunze kama bibi mwenyewe.

Dada yako, Rukaiya

Nachingwea
12 Julai 2024

Hamidi, hamjambo huko? Mbona kimya, na simu haipatikani? Nakuja Jumamosi ijayo na vifaa. Mti haujambo?

Dada yako

Chunyu
17 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Goti la mama limepoa. Mimi mzima, wa mwili.

Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma kwa sauti kijiweni. Nani mwingine ana dada wa hivyo? Mzee Mbaruku akauliza, "Kwa hiyo mti huo una dawa?" Nikamjibu, "Dawa? Babu, kompyuta yenyewe imeupigia saluti!" Wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Jumapili iliyofuata nikaenda Namungo kwenye mpira. Niliporudi, magome yalikuwa yamemenywa kuzunguka shina zima. Mmoja anaumwa mgongo, mwingine ana mtoto anayeumwa, kila mtu kabeba kipande chake. Nimelipaka shina tope, nikalifunga kwa ile kanga ya bibi. Kila asubuhi namwagilia. Machipukizi yamenyauka, dada.

Njoo tu, hata ukiwa na hasira. Usimgombeze Mzee Mbaruku wala yeyote. Hawakujua. Mimi ndiye niliyewaambia ni dawa.

Mdogo wako, Hamidi