Kiti cha Wanaokuja Kuangalia Chumba

Mwingi,
Jumapili, baada ya kanisa.

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mjukuu wako Mwende. Miili yetu haina ugonjwa, na kwa hilo namshukuru Mungu. Goti lako je, bado linakusumbua ukienda shamba asubuhi? Na huko Kasikeu mvua imegusa ardhi, au mnaangalia mawingu tu kama sisi? Najua kaka yangu Mutuku ndiye anayekusomea. Mutuku, usiruke mahali hata pamoja, na usiyapunguze makali kwa sababu mama amekukalia mbele.

Mwaitu, nimebanwa. Nasema mapema ili usiitafute habari njema huko chini. Chumba tulichokaa tangu baba Mwende atutoke, tunatolewa Jumamosi hii, na sijapata kingine. Mtihani wa Mwende wa darasa la nane umebakiza wiki tano. Jina lake limeshapelekwa kutoka shule ya hapa, na mwalimu mkuu ameniambia sasa halihamishwi. Nikirudi naye nyumbani leo, miaka minane ya shule imeenda na maji.

Ilianza hivi. Yule mzee mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga alifariki, na mwanawe yuko Nairobi, hajui hata mlango wangu ni upi. Akaweka vyumba vyote mikononi mwa wakala, kijana mmoja wa suti ya kahawia ambaye hapa tunamwita ejenti. Huyo ejenti akaniletea notisi ya mwezi mmoja. Kosa langu ni cherehani.

"Mama, hii mashini yako inapiga kelele sana," akaniambia. "Mwenye nyumba anataka watu wa ofisi."

Tena akasema mwezi huo wote nisifunge mlango mchana, kwa sababu ataleta watu wa kuangalia chumba.

Na watu wakaja. Wa kwanza walikuwa bwana na bibi waliokuwa wanahamia hapa kutoka Kambu, bibi akiwa mjamzito. Unajua ulivyotulea: mtu haingii nyumbani akatoka na mdomo mkavu. Nikawapa viti, nikawapa uji. Yule bibi akashika pazia nililoshona mwenyewe, akasema hapa pana amani. Ejenti akanichekea. Walisema watafikiria, watarudi. Walipotoka ndipo nilipoona kwamba ninasaidia kujifukuza.

Jirani yangu Bi Zuhura, ambaye watu wake walitoka pwani zamani, alikuwa ameona yote kutoka mlangoni kwake. "Mwikali," akasema, "wawakirimu watu wanaokuja kukutoa? Waambie nyumba ina mkosi, uone kama watarudi."

Mimi ni mtu wa kwaya, Mwaitu. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Wale wa Kambu waliporudi niliwaambia mume wangu aliamka mzima, akanywa chai, akaanguka akafa pale pale bibi aliposimama. Wewe unajua aliugua miezi mingapi, na kwamba alifia hospitali. Yule bibi alishika tumbo lake akatoka bila kumaliza uji. Nilifurahi mpaka nilipoenda kuosha kikombe chake, ndipo aibu ikanishika. Hata hivyo, waliofuata niliwaambia maneno yale yale, na wao pia wakaondoka.

Ejenti si mjinga. Mara ya tatu alileta mwalimu na mkewe, akawatangulizia akiwa bado nje: "Huyu mama ana hadithi, msimsikize." Walilipima dirisha kwa macho, wakakubaliana. Wanaingia Jumapili ijayo.

Basi juzi Ijumaa nilimfuata ejenti nikamwomba. Wala si mtu mbaya. Akasema, "Kuko na kachumba huko nyuma ya stoo za nafaka. Kuja uone." Nilimfuata nikiwa nimeshaanza kuimba moyoni. Kachumba kenyewe ni kadogo, lakini kana dirisha, na shule iko karibu hivi kwamba kengele inasikika. Nilipofika mlangoni tu nilikuwa nimeshaweka kitanda cha Mwende na meza yake kwa mawazo.

Ndani alikuwako mama mmoja na mtoto mgongoni. Ejenti akabaki nje akizungumza na mtu. Yule mama alipangusa kigoda kwa leso yake akanipa nikae. Halafu akainama, akaniambia polepole, "Dada, usiingie hapa. Bwana yangu alianguka akakufa hapo tu umekalia, mwezi uliopita."

Pale nilipokaa nilikuwa naona nje. Kwenye kamba kulikuwa na shati la mwanamume na suruali, vyote vimetoka kufuliwa, bado vinadondosha maji. Naye akanimiminia uji.

Mwaitu, maneno yalikuwa yangu. Sijui kama yalimfikia kupitia watu wa mji huu au alijitungia mwenyewe, kwa maana shida ni mwalimu wa wengi. Nilikunywa ule uji wote. Nilipaswa kumwambia ejenti nakichukua. Nilitoka nikamwambia sijakipenda, kina giza.

"Mama, na wewe unachagua?" akaniuliza. "Basi mimi sina ingine."

Najua atampelekea watu wengine. Sikumwokoa, nimempa labda siku mbili. Nilipomweleza Mwende, aliendelea na hesabu zake, na hilo liliniuma kuliko kama angelia. Nina hasira, na nina woga, na sijui kama nilifanya wema au upumbavu. Uniambie wewe, kwa maana ni wewe uliyenifundisha kumpa mtu kiti.

Ombi langu ni hili. Nenda kwa mchungaji wenu kesho, usingoje goti lipone, Mutuku akushike mkono. Mchungaji huyo alisoma pamoja na mchungaji wa hapa. Amwandikie, barua ampe dereva yeyote wa lori anayekuja huku, aombe Mwende alazwe kwao hata jikoni kwa wiki hizo tano. Mimi naona haya kumwambia mwenyewe, kwa sababu mke wake alishasikia habari za nyumba yangu "yenye mkosi." Cherehani Bi Zuhura amekubali kuiweka. Mimi nitalala kwenye baraza la duka ninaponunua nyuzi. Usihesabu shida yangu, hesabu ya mtoto.

Nisalimie mke wa Mutuku, na shangazi mwenye mbuzi, na mjomba shemasi. Huyo, Mutuku, usimsomee pale niliposema uongo.

Na mkinijibu, msiandike kwa anwani ya hapa. Andikeni shuleni, kwa jina la Mwende. Baada ya Jumamosi, huko ndiko pekee watakakojua bado mahali tunapolala.

Ni mimi binti yako,
Mwikali