Figo la Dada Theodora

Shirimatunda, Moshi
11 Februari

Mpendwa Dada Theodora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana nakujua: ukisoma umesimama, chakula kinaungua. Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na yule ng'ombe wenu, bado anampiga shemeji Ebenezeri mateke kila akimkamua? Mimi ni mzima kiasi.

Najua mlininunia Krismasi. Nimesikia shemeji alisema nimekuwa mtu wa mjini, nimesahau njia ya kwetu Masama, na Mama akajibu niachwe, nikiishiwa ndizi nitapanda mwenyewe.

Dada, korona iliyonipata Septemba ilikataa kutoka. Daktari aliniambia watu wengi huwatoka baada ya wiki mbili tatu. Kwangu ilikuta mlango wazi, kwa sababu dawa ninazomeza ili mwili usilikatae figo ulilonipa ndizo zinazolaza kinga yangu. Nikapimwa Oktoba, Novemba, Desemba: imo tu. Muuguzi akasema imenizoea. Nikamwambia mpangaji wa namna hiyo angalau angefagia uani.

Nikawa naishi ndani ya homa kama ndani ya ukungu. Mlima upo dirishani. Nikifumba macho, nimekaa mgombani kwetu nasikia maji ya mfereji. Siku nyingine naona figo lako linashuka kitandani, linavaa mabuti yako ya mvua, linapanda taratibu kwenda Masama kukuuliza limekosa nini.

Krismasi nilikuja, ila hamkuniona. Nilisimama mgombani na barakoa yangu, mbali nanyi. Nikaona kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikizunguka, kila mtu akigusisha mdomo palepale. Ilipofika zamu yangu ukaiweka kwenye kigoda changu, na hakuna aliyeigusa. Nikashuka nimebana kikohozi mpaka barabarani.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilikuwa nimesoma vile vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, nikajiona daktari. Nikawaza: nikiziacha, kinga itaamka, itamtimua mpangaji. Nikaziacha siku tisa bila kumwambia mtu. Miguu ikavimba. Daktari aliponibana nikakiri, naye akavua miwani. Kisha akanirudishia dawa kwa kipimo chake, akaongeza na ya virusi.

Sasa nimepimwa mara mbili, korona haimo. Ila figo lako limepoteza karibu theluthi ya nguvu, na daktari anasema hiyo hairudi. Ulinipa zima, nikalipunguza mimi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Angalia ndani ya bahasha: kuna jani la isale, nimelifunga fundo kama Baba alivyofanya alipokwenda kuomba radhi kwa jirani. Simu isingelibeba. Na desturi yetu unaijua, likishafika mkononi halikataliwi. Nimekutega, Dada. Nisamehe na hilo pia.

Msalimie Mama, shemeji na ng'ombe. Kigoda changu asikikalie mtu.

Mdogo wako,
Sirili