Jina Langu Kwenye Hesabu ya Kima

Parklands, Nairobi
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Da Zena,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Maskati halijawamaliza. Magoti yako yanaendeleaje? Mama aliniambia siku ya Idi kwamba umeanza kuswali ukiwa umekaa kitini, na hukunigusia hata kidogo. Nimeudhika, lakini nakuombea shifaa.

Sisi huku tu wazima. Baridi ya Juni imeingia kwa nguvu, nguo zinashinda kambani na kurudi ndani vilevile. Rauf ameng'oka meno ya mbele na anajiona mkubwa. Mdogo wake bado hataki uji wa mtama, anataka wa kuongezwa maziwa kama mtoto wa sultani.

Utauliza mbona nimekaa kuandika na simu ipo. Kuna mtu wa safari anaondoka kesho, atakuletea hii pamoja na achari ya ndimu. Halafu yapo mambo siwezi kuyasema kwa sauti ndani ya fleti hii. Kuta nyembamba, na mhusika mwenyewe yuko sebuleni.

Dada, nina wivu. Naandika wivu kwa heshima. Ukitaka jina lake halisi ni kijicho, kile tulichofundishwa tukikimbie. Nimekuwa nacho tangu mfungo uishe, nalala nacho na kuamka nacho, na ninayemwonea ni Baba Rauf. Si wivu wa mke kwa mume. Ningekuwa na huo ungejua la kuniambia.

Unakumbuka tulivyosoma hisabati darasa moja, mimi na yeye. Unakumbuka pia ni nani aliyekuwa akimwazima mwenzake kazi ya nyumbani. Nilipomzaa Rauf nikaenda kufundisha sekondari, yeye akaendelea mpaka wakamwita Daktari. Sasa kazi yake ni kutumia hesabu kueleza mienendo ya wanyama: kwa nini ndege huyu ale hapa asile pale, kwa nini kundi lihame leo lisihame jana. Mimi nasahihisha mitihani ya kidato cha pili.

Mwaka uliopita wote amekuwa akihangaika na kima wa City Park, hapa karibu nasi, wale wanaopora ndizi mikononi mwa watu. Modeli aliyoanza nayo, yaani mlinganyo wa kueleza mwendo wao, ni ya zamani na ni rahisi. Inasema kila mnyama yuko huru, anajua chakula kilipo, anakigawa kwa idadi ya waliopo, na atakwenda penye fungu kubwa. Langoni watu wanamwaga njugu na ndizi. Upande wa makaburi ya zamani yaliyomo humo bustanini ni majani na matunda pori. Kwa mlinganyo ule, wengi sana wangekuwa langoni na wachache tu makaburini.

Lakini kima hawakusoma mlinganyo. Munyiva, msichana wa Kikamba anayefanya kazi naye, alikuwa anashinda bustanini na darubini akiwahesabu, na kila wiki alirudi na jibu moja: karibu nusu yao wako makaburini. Baba Rauf akawa anabadilisha tarakimu, anaongeza hiki, anapunguza kile. Chakula kikawa hakimshuki.

Siku moja nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, yeye amesimama mlangoni analalamika. Nikamwuliza, je, arusini akina mama wanagawanyikaje kwenye masinia? Sinia la shangazi za bwana arusi lina nyama tele na nafasi ipo. Wewe Da Zena, uliwahi kwenda kuketi hapo? Utabanwa kiwiko, utaangaliwa tonge lako, utaulizwa utazaa lini. Utakwenda sinia la wenzako lenye wali mtupu na utashiba. Basi kosa la modeli ni kudhani kima anahesabu wangapi wameketi. Kima anaangalia ni nani ameketi.

Niliosha mikono nikamwandikia. Nilipunguza thamani ya kila mahali kwa uzito wa wakubwa waliotangulia kufika, na uzito huo ukawa tofauti kwa kila kima kulingana na cheo chake. Kipengele kimoja tu. Alikimbia nacho kwenye kompyuta, na aliporudi macho yalikuwa yamemlowa. Hesabu ilikuwa imekaa juu ya takwimu za Munyiva bila kupinda. Pilau ya siku hiyo iliungua na hakuna aliyejali. Nilifurahi, dada, nisikudanganye, nilifurahi kuliko siku niliyoolewa.

Makala ilipokamilika alinipa nisome. Ukurasa wa kwanza: jina lake, na baada yake la Munyiva. Nikasema sawa, mwisho huko nitajikuta. Mwisho kulikuwa na shukrani, na mstari wa chini kabisa ulisema hivi: anamshukuru Mama Rauf kwa subira yake.

Nilisoma mara nyingi nikidhani macho yangu yana kasoro. Nikamrudishia, nikamwambia imependeza.

Tangu hapo sijakuwa mtu. Akipigiwa simu na wenzake kuhusu kima, nafungua bomba maji yamwagike nisisikie. Munyiva akija na suruali yake na viatu vya matope, anacheka, anasema Malkia leo kamchapa Kashata, maana kila kima amempa jina, mimi namkaribisha chai kisha narudi jikoni upesi. Afadhali Baba Rauf angemtazama uso. Hilo ningeligombania na lingekwisha. Lakini jina lake liko ubavuni mwa mlinganyo wangu, na mimi niko chini huko na subira.

Alhamisi kulikuwa na mkutano wa watafiti katika ukumbi mmoja mjini, si mbali na Msikiti wa Jamia. Alitaka niende naye, hata alinipigia pasi buibui. Nikaketi nyuma. Alizungumza vizuri, kiumbe yule, na jinsi alivyozidi kuzungumza vizuri ndivyo nilivyozidi kuumwa na roho. Alipofika kwenye kipengele changu watu waliinamia karatasi zao kuandika. Nikatamani kompyuta izime.

Kompyuta haikuzima, ila mzee mmoja, Profesa Oyoo, aliinua mkono. Alisema kwa mlinganyo huo kima wadogo watabaki makaburini milele, hata mkimwaga gunia zima la njugu langoni. Je, ndivyo? Baba Rauf akageuka kuutazama ubao. Akautazama sana. Jibu nilikuwa nalo, nililifikiria zamani: mkubwa akishiba haogopewi tena. Uzito wake ushushwe kadiri anavyoshiba, na wadogo wataonekana langoni alasiri. Hakuwahi kuniuliza.

Akageuka na kutabasamu. "Mama Rauf yuko hapa," akasema, "pengine atatusaidia."

Vichwa vyote vilinigeukia. Sijui ni shetani gani aliyenikalia, au labda hakuwa shetani. Nilisimama. "Sijui," nikasema. "Mimi nimekuja na subira tu."

Watu walicheka wakadhani ni mzaha wa mke na mume. Yeye hakucheka. Alimwahidi Profesa kwamba jambo hilo litatazamwa, akakaa. Munyiva aliinamisha kichwa.

Tulipokaribia nyumbani akasimamisha gari pembeni.

"Ulikuwa unajua jibu."

"Nilikuwa najua."

"Mbona umeniacha vile mbele za watu?"

Nikamwambia ameulizwa mwenye mlinganyo, na mimi jina langu halimo. Akasema limo, aliniandika kwa mkono wake. Kisha akaanza kueleza, na hapo dada nilitaka kulia, maana hakuwa na hila. Alisema marehemu baba yake hakuwahi kutaja jina la mkewe mbele ya wanaume, hata hospitalini alisema Mama Mohdhar, kwa jina la mtoto. Kwao jina la mke halitupwi barazani. Aliona makala itasomwa na watu asiowajua, wanaume wa nchi zote, akaona heshima ni kunistiri. Lile neno Mama Rauf, kwake, lilikuwa ndilo neno la mapenzi kuliko yote yaliyomo.

Nami namwelewa, kwa sababu hata mimi hapa nakuandikia Baba Rauf, Baba Rauf. Lakini sikunyamaza. Nilimwambia, "Kima wako wote wana majina kwenye makala ile. Malkia yumo, Kashata yumo. Mimi peke yangu ndimi nisiye na jina."

Aliwasha gari.

Jana asubuhi aliniwekea kompyuta juu ya meza ya jikoni. Sehemu ya majina, ukurasa wa kwanza, ilikuwa tupu. "Panga wewe," akasema, "makala inaondoka kesho kutwa kwenda jaridani." Akachukua watoto akawapeleka madrasa. Ukweli ni kwamba aliaibika kukaa.

Niliandika langu la kwanza. Nikaandika la kwake la pili. Halafu nikasimama. La tatu ni la Munyiva, na vidole vilikataa. Nikajiambia kuhesabu si kufikiri. Nikajiambia atashukuriwa chini, kwa subira yake, naye aone ladha yake.

Nikiwa hapo simu ikalia, ni ujumbe wa Munyiva. Nakunakilia kama ulivyo, kwa lugha yao ya Nairobi: "Sasa Mama Rauf. Mi nilishow Daktari tangu mwanzo hiyo kazi ni yako, akasema ataona. Ningefaa kukuambia. Hata mkinitoa ni sawa." Umeona mtu? Hata raha ya kumchukia amenipora.

Nimeliandika jina lake. Kisha nikalifuta, nikaenda kuchagua mchele, nikarudi nikaliandika tena. Tangu jana nimefungua ukurasa ule kila nilipopita jikoni. Lipo, na linaniuma. Kile kipengele cha kushiba nimekiongeza pia, na Baba Rauf amekisoma akakaa chini.

Msalimie sana shemeji, na wanao wote mmoja mmoja, na yule jirani yako Mpemba anayekupikia mkate wa mofa. Mama na wajomba wa Mombasa wanakusalimu. Baba Rauf anakupa mkono, hajui nimekuandikia nini. Mungu akuhifadhi, akupe afya ya magoti na riziki isiyo na masimango.

Niombee dua, dada. Hata kama barua itakufika makala imeshaondoka, usiniombee wivu huu uwe umeniisha leo. Makala inaondoka kesho, na bila wivu huu najijua, nitarudi kwenye ukurasa ule nifute jina langu, niandike Mama Rauf, nione ndiyo adabu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye wewe bila kijicho chochote,

Laila Abdulrauf