Kila Ruhusa na Sababu Yake

Jumatatu, 3 Machi

Wiki imeanza na balaa. Bosi katuita sote asubuhi. Kompyuta ya mshauri wa chumba cha pili imekutwa inarekodi maongezi — wiki tatu nzima! Na mwizi mwenyewe ni programu ya kubadilisha picha za skrini. Picha za maua! Watu wanatupigia simu kutueleza yaliyowafika, mambo ambayo hata ndugu zao hawayajui, kumbe maua yanasikiliza.

Bosi: ikifika Ijumaa saa sita mchana, ama kompyuta zote sita ziwe na ulinzi, ama ang'oe sauti kabisa. Spika, maiki, vyote. Washauri hawatapungukiwa na kitu, wana simu zao za mezani. Mimi je? Fundi wa kompyuta nisiyeona, mashine yangu ikinyamaza nimekwisha. Kisoma skrini ndicho kinachoniambia kila kilichoandikwa. Bosi anajua. Alilisema hilo huku akikohoa kohoa.

Nikamwambia nitaweka mlinzi. Si wa getini, wa ndani ya mfumo. Programu yoyote inayotaka kusema au kusikia lazima ipite kwenye seva ya sauti, na mlinzi atasimama pale na orodha. Jina lako halimo kwenye orodha? Hupiti, hata ukiwa programu ya Bosi mwenyewe. Akapenda. Kisha akaongeza la kwake: kila ruhusa iandikwe sababu kwenye jedwali. Hakuna sababu, hakuna ruhusa.

Dada wa mapokezi naye hakukosa neno. Eti bora kimya, hilo dude langu linaropoka kutwa kama cherehani. Miaka miwili wimbo ni huo huo!

Jumanne, 4 Machi

Mlinzi yuko kwenye mashine yangu, kwa hali ya kulalamika tu: asiye na ruhusa anapita, ila jina lake linaandikwa. Nimefanya kazi siku nzima nijue ataandikwa nani. Majina manne. Kisoma skrini hakimo, hata mara moja. Safi! Basi hicho hakina tatizo.

Mume wangu kauliza naandika nini kila jioni. Kapapasa ukurasa, anasema ni kama upele wa mtoto. Raha ya nukta nundu — unamsengenya mtu na daftari liko mezani kwake.

Jumatano, 5 Machi

Mjinga mimi. Mjinga wa kutupwa!

Saa tatu nikamkaza mlinzi, sasa azuie kweli. Sauti ikaendelea vizuri. Nikajipongeza. Nikazima mashine na kuiwasha upya, mazoea tu. Feni ikazunguka, ikatulia. Nikangoja ile "Karibu" yake. Kimya. Nikabonyeza hiki na kile. Kimya.

Nikaelewa palepale. Jana kisoma skrini kilikuwa kimeshaingia kabla mlinzi hajashika zamu, na aliyekwisha ingia haulizwi kitu. Ndiyo maana hakikulalamikiwa! Leo kimetoka, kimerudi, kimekuta hakimo kwenye orodha. Nimejifungia nje mwenyewe.

Kuandika amri naweza, vidole vinajua. Kusoma mlinzi kazuia nini hasa — hapo ndipo nilipokwama. Washauri wote wako kwenye simu, milango imefungwa. Bosi? Thubutu! Angeng'oa spika siku hiyo hiyo. Akabaki mmoja.

Nikafuata ukuta mpaka mapokezi. "Dada, naomba uje unisomee kitu. Dakika kumi tu."

Kicheko chake! "Miaka miwili namwomba Mungu linyamaze. Leo limenyamaza, halafu mimi ndiye nilifungue mdomo?"

Lakini akaja. Akasoma, herufi moja moja. Akaruka mstari, akarudi, akaruka tena. Sauti yake ilikuwa inagonga kioo na kunirudia, maana yake pua imekaribia kugusa skrini. Nikamuuliza kama maandishi ni madogo. "Mwanga wenu mbaya," akasema, haraka mno. Sikuendelea.

Tukalipata tatizo. Mlinzi alikuwa amezuia kijiprogramu cha kisoma skrini, kile kinachogeuza maandishi kuwa sauti. Nikaandika mistari miwili ya ruhusa kwenye orodha, yeye akaihakiki polepole. Nikawasha upya.

"Karibu."

Nusura nilie. Nusura gani? Nimelia. Dada akanipa kitambaa. "Haya, limeanza tena," akasema. Safari hii hakusema kwa ubaya.

Alhamisi, 6 Machi

Kompyuta tano zilizobaki, zote tayari. Kila moja nimeiwasha upya mara mbili, nimeshaumwa mimi. Maua yamejaribu kufungua maiki mara kumi na moja, yamegonga mwamba mara kumi na moja.

Jedwali nalo. "Kisoma skrini, mashine ya fundi. Sababu: fundi haoni." Kuliandika hivyo, wazi! Nilidhani litaniuma. Wala.

Mashine ya mapokezi sikuipa ruhusa yoyote ya sauti. Hakuna anayeihitaji.

Ijumaa, 7 Machi

Imepita! Bosi kajaribu kwa mkono wake. Maua yamezuiwa. Kawasha upya mashine yangu — nikashika ukingo wa meza — "Karibu." "Hongera, fundi," akasema, "sauti inabaki." Nimevuta pumzi ambayo sijaivuta tangu Jumatatu. Nimempigia mume wangu, kapiga kelele ofisini kwake mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini.

Saa nane dada wa mapokezi kaingia, kafunga mlango.

"Hilo dude lako," akasema. "Linaweza kusema polepole?"

Ni macho. Tangu mwaka juzi. Daktari kasema yatakwenda kidogo kidogo, hayarudi. Hajamwambia mtu, hata mama yake. Akasema kila mashine yangu ilipoongea alikuwa anasikia kesho yake mwenyewe, ndiyo maana aliichukia. Nikamwambia samahani. "Samahani ya nini? Nifundishe."

Tukahamia mezani kwake. Nikaweka kisoma skrini, nikaongeza ile mistari miwili kwenye orodha, nikamvisha vipokea sauti, nikapunguza mwendo hadi ule wa mtu anayemsomea bibi yake barua. Kasikiliza jina la mgeni wa kwanza wa Jumatatu. "Eeh," akasema. Kisha tena, taratibu: "Eeh."

Saa tisa na nusu. Bosi kachungulia, anataka jedwali kabla hajaondoka. Nimeomba dakika tano. Dada kanishika mkono, kauminya. "Andika unavyoona," kaninong'oneza. Halafu: "Au ngoja kwanza." Nikiandika sababu, Bosi atajua kabla ya mama yake; nisipoandika, hakuna ruhusa.

Nimerudi kwenye meza yangu, nachoma nukta hizi ili vidole vipate kazi. Yeye yuko kwake, bado kavaa vipokea sauti, anarudia majina ya wageni baada ya mashine.

Kisoma skrini, mashine ya mapokezi. Sababu. Nimesogea kwenye kisanduku hicho mara tatu, na mara zote tatu mashine yangu inasema: "Tupu."